Mpiga Chapa Asiye na Mkataba

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Jua bado halijafika kibarazani, na Mama Nakala ameshamkatalia mtu kazi.

Mtu mwenyewe ni mwoka mikate, mnene, ana unga kwenye viwiko na haraka zake zote ziko usoni. Anataka mkataba wa ubia kati yake na shemeji yake, wanunue tanuri jipya pamoja. Anautaka kabla ya saa tatu.

"Shemeji yako yuko wapi?" anauliza Mama Nakala bila kuinua macho kutoka kwenye taipureta.

"Ana shughuli. Ameniambia niandike tu, jioni atasaini. Sisi tunaaminiana, mama."

"Basi kama mnaaminiana hamnihitaji. Mkataba wa watu wawili siuandiki mbele ya mtu mmoja. Mje wote."

Mwoka mikate anabembeleza. Anajaribu mzaha, anajaribu kununa, hapati kitu. Mwishowe anashuka ngazi akiwa na simu sikioni, na kwa jinsi anavyofoka inajulikana kwamba shemeji atakuja, apende asipende.

"Wananichukia asubuhi, lakini mwakani watanisalimia wote wawili," anasema Mama Nakala. "Nikiandika kwa mmoja, mwakani nitaonana na huyo mmoja tu, tena akienda mahakamani."

Leo lakini vidole vyake havitulii. Kila baada ya muda anatazama jengo la ng'ambo ya barabara, lile lenye ngazi pana na milango ya kijani. Kwa miaka ishirini na miwili amewapeleka watu wengine katika jengo hilo, na karatasi zao mkononi. Leo saa nne kamili anaingia yeye. Bodi ya migogoro ya nyumba itaamua kama ana haki ya kukaa kibarazani hapa. Akishindwa, mwisho wa mwezi meza yake haitakuwepo.

Kibaraza chenyewe si kitu cha kumfanya mtu agombane. Ni hatua nne kwa mbili, mbele ya duka la zamani la kutengeneza saa. Kuna meza moja ambayo mguu wake umefungwa waya, viti viwili, sanduku la bati lenye kufuli, na taipureta nzito ambayo herufi A imefutika kabisa juu ya kibonye chake.

"Kiswahili chetu kinaila hiyo A," anasema. "Q bado mpya kama siku ilipotoka dukani."

Ana umri wa miaka hamsini na minne. Kwa siku huhudumia watu wanane, wakizidi sana kumi na wawili. Barua ya ukurasa mmoja ni bei ya mikate miwili, na mkataba ni bei ya sita. Mtu aliyeumia halipi mpaka apone. Siku za mvua hurudi nyumbani na nauli tu, na mara nyingine hata hiyo humkopa jirani. Kwa kazi hii hii amesomesha mabinti wawili. Mmoja ni muuguzi, mwingine ni fundi umeme.

Si wakili, na hapendi mtu amwite hivyo. "Mimi najua mlango upi ugonge na ubebe karatasi gani. Ukishaingia ndani, huko kuna wenyewe."

Wateja wake amewagawa mafungu matatu, na huyaeleza huku akipuliza vumbi kwenye utepe wa wino. "Wenye biashara, ukibahatika, huja kabla hawajagombana. Wenye nyumba huja wakishagombana. Walioumia huja wakiwa wameshatia sahihi. Hao ndio wanaoniuma roho."

Na kama vile amemwita, kuli wa ghala anapanda ngazi kwa magongo mawili. Aliteleza juma lililopita akiwa na gunia mgongoni, akavunjika mguu. Mfukoni ana karatasi aliyopewa na msimamizi wake. Inasema ameanguka kwa uzembe wake mwenyewe na hana dai lolote. Ameambiwa akitia sahihi atapewa pesa ya dawa.

Mama Nakala anaisoma mara mbili, midomo ikicheza. "Umesaini?"

"Bado. Nilisema nije kwanza."

"Mungu akuweke. Nani alikuona ukianguka?"

"Walikuwepo wote."

"Wote ni jina la nani?"

Kuli anacheka, pengine kwa mara ya kwanza tangu mguu uvunjike. Anataja watu watatu, na Mama Nakala anayapiga chapa majina yao, siku, saa, hali ya sakafu, na ndoo ya mafuta iliyomwagika ambayo kila mtu aliiona na hakuna aliyeipangusa. Halafu anamwelekeza: aende hospitali akaombe ripoti ya daktari, kisha avuke barabara mpaka chumba cha tatu, wanakopokea malalamiko ya wafanyakazi bila malipo.

"Na hii ya msimamizi usiichane. Itunze. Siku moja utafurahi kwamba walikuwa wajinga kiasi cha kuiandika."

Anamkabidhi kuli karatasi mbili zinazofanana. Hapa ndipo lilipotoka jina lake. Kila mtu hutoka kibarazani na nakala mbili, na kila mtu huambiwa yale yale: moja wape, ya pili wagonge muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. "Barua isiyo na muhuri ni kama kumpigia hodi kiziwi. Atasema hakusikia, na utamfanya nini?"

Somo hilo alilipata kwa machozi. Alikuwa karani wa kupiga chapa katika kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipoyumba, aliletewa orodha ya watu arobaini na mmoja, awapigie barua za kuachishwa kazi. Alipiga kutwa nzima, huku akiwaonea huruma. Barua ya mwisho ilikuwa yake.

"Nilisimamisha vidole. Nikafikiri kuna mtu mwingine wa jina langu. Hakuwepo. Nikaipiga, kazi ni kazi. Ila niliweka kaboni, nikachukua nakala, na mkubwa wangu akaisaini bila kuangalia."

Miezi minne baadaye, alipokwenda kudai haki zake, ofisi ilisema aliacha kazi kwa hiari. Mama Nakala akaifungua pochi, akaitoa ile nakala. Mjadala ukaishia hapo. Kwa pesa aliyolipwa alinunua taipureta, akaanza kutafuta mahali pa kuiweka.

Mahali alipewa na mwenye duka la saa, mtu mrefu, mkavu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Saa. Macho yake yalikuwa yamechoka kwa kuchungulia vyuma vidogo, na kuandika kulimtesa. "Kaa hapo kibarazani," alimwambia. "Kodi yako ni barua zangu. Kila mwezi utaniandikia zote, tumemalizana." Walipeana mkono. Hapakuwa na karatasi, wala mkataba, wala shahidi.

Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Mwanamke aliyewaandikia mikataba watu wa mtaa mzima, anayemfukuza mwoka mikate kwa sababu shemeji hayupo, alikaa miaka ishirini na miwili kwa kupeana mkono.

"Mganga hajigangi," anasema jirani yake, mshona viatu, ambaye anasikiliza kila kitu na hajifichi. Ananyanyua mguu wake kuonyesha soli iliyotoboka. "Mimi kiatu hiki, yeye hana mkataba. Tumetoka sare."

Mzee Saa alifariki miezi tisa iliyopita. Mwanawe, muuza simu wa miaka arobaini na miwili, alirudi kuliangalia jengo. Si mtu mbaya, na Mama Nakala mwenyewe ni wa kwanza kusema hivyo. Anataka kuweka duka la kisasa lenye vioo mpaka barabarani, na kwenye vioo hivyo hakuna nafasi ya meza yenye mguu wa waya. Alikuja akiwa na adabu zake zote, akasema: "Mama, wewe ulikuwa mgeni wa baba. Naomba mwisho wa mwezi uwe umetupisha."

Jioni hiyo Mama Nakala aliingiza karatasi kwenye taipureta, akaandika malalamiko kwa bodi. Ilikuwa mara ya pili katika maisha yake kulipiga chapa jina lake mwenyewe. "Nililikosea mara mbili," anakiri. "Mimi, ambaye sikosei."

Hoja ni nyepesi kuisema, ngumu kuithibitisha. Akiwa mpangaji, hawezi kuondolewa kwa neno la mdomo. Apewe notisi ya maandishi na muda wake. Akiwa mgeni, anakusanya vyake na kwenda. Yeye hana risiti hata moja, maana kodi aliilipa kwa barua, na barua zilikwenda zilikotumwa.

Nakala zake zimo ndani ya sanduku la bati, kwenye bahasha moja nene. Hapo ndipo mshona viatu alipotaka kupasuka. "Si uifungue? Kifua cha nini? Haki yako imelala humo."

Mama Nakala alikataa. Tangu aanze kazi hajawahi kuonyesha barua ya mteja bila ruhusa ya mteja. Mzee Saa aliandika mengi kupitia vidole vyake, mengine ya nyumbani kabisa. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alimjibu jirani yake. "Na mwosha haendi nayo sokoni."

Badala yake, siku tatu kabla ya leo, alikwenda kwa mjane wa Mzee Saa. Aliketi kwenye mkeka sebuleni kwa mama wa mtu anayemfukuza, akamweleza kwamba anakumbuka barua moja, ya maji, na anaiomba hiyo tu. Zilizobaki zingebaki zimefungwa, ashinde au ashindwe.

"Nisomee kwanza," alisema mjane.

Alisomewa. Idara ya maji ilikuwa imewatoza watu wa jengo lote sawasawa, na Mzee Saa alikuwa amekasirika kwa mtindo wake. *Ghorofani wanaishi watu sita, na hao ndio wanaooga. Dukani niko mimi na saa zangu, na saa hazinywi maji. Kibarazani yupo mpiga chapa, mpangaji wangu, ambaye kodi yake ananilipa kwa kuniandikia barua kila mwezi. Yeye hutumia gilasi moja kwa siku. Msimtoze.*

Mjane alicheka, halafu akalia, halafu akaomba asomewe tena pale pa saa kutokunywa maji. "Ndiye huyo," alisema akijifuta. "Mwanangu ni mwanangu, siwezi kusimama mbele ya watu nikamshitaki. Lakini neno la baba yake ni la baba yake. Ichukue."

Saa nne kasoro robo, mshona viatu anafanya jambo ambalo mtaa haujawahi kuliona. Anafunga kibanda. Muuza magazeti anamfuata. Mwoka mikate amerejea na shemeji yake, na wote wawili wanaamua mkataba usubiri, wanavuka barabara pamoja na wengine. Kuli anavuka kwa magongo. Karani wa mlangoni anawahesabu watu ishirini na watatu na kuuliza kama kuna harusi.

Chumba ni kidogo, kina madirisha mawili na feni inayolia. Mwenyekiti wa bodi ni mama wa makamo mwenye miwani, anayejulikana kwa kutopenda hotuba. Anampa nafasi mwana wa Mzee Saa.

"Mama huyu namheshimu," anasema mwana, na sauti yake haidanganyi. "Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi aliniandikia yeye, bure. Lakini hakuwahi kulipa kodi. Alikuwa mgeni wa baba yangu, na baba hayupo."

"Na wewe, mama?"

Mama Nakala anasimama. Ameshika ukingo wa meza. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika miaka ishirini na miwili, mwenyekiti."

Chumba kinacheka, na mwenyekiti anagonga kalamu. Barua inatolewa, inasomwa kwa sauti. Pale pa wanaooga, wapangaji wawili wa ghorofani wanatazama sakafu. Mshona viatu anamfinya muuza magazeti, kana kwamba mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Mwana anaomba kuitazama, anaitazama, anairudisha. "Mwenyekiti, hii imepigwa kwa mashine yake mwenyewe. Hata jana angeweza kuipiga."

Ni kweli tupu. Mashine ni ile ile, vidole ni vile vile. Mtu anayeandika kila kitu mtaani, atathibitishaje kwamba hii hakuiandika jana? Mshona viatu anafumba macho.

"Igeuze," anasema Mama Nakala, na mwenyekiti anaigeuza karatasi.

Nyuma yake kuna muhuri wa zambarau uliopauka: IMEPOKELEWA, IDARA YA MAJI, na tarehe ya miaka kumi na sita iliyopita. Mzee Saa aliambiwa na mpiga chapa wake arudi na nakala iliyogongwa. Aligombana naye, akasema anamsumbua mtu mzima kwa miguu mibovu, kisha akaenda na kurudi nayo.

"Tazama na sahihi," mwenyekiti anamwambia mwana. "Unaitambua?"

Mwana anaichukua. Chini ya karatasi kuna jina la baba yake, mwandiko umelala upande kama kawaida yake, na kando ya jina kuna tarakimu ndogo: saa nne na dakika kumi na mbili. Mzee Saa hakuweza kusaini kitu bila kuandika na saa. Watu walimcheka kwa hilo miaka yote.

Mwana anapitisha kidole juu ya tarakimu zile. Angeweza kukana. Feni inalia, na Mama Nakala ameacha kushika meza, ameshika mkono wake mwenyewe.

"Ni ya baba," anasema. "Na hiyo ni saa yake. Hata kwenye ripoti zangu za shule aliiandika." Anaiweka mezani taratibu. "Sikujua kama alimwita mpangaji. Angeniambia, nisingefika hapa."

Bodi haichukui dakika kumi. Mama Nakala ni mpangaji. Hataondolewa kwa neno la mdomo, si mwisho wa mwezi huu wala wakati mwingine wowote, na pande mbili zimepewa siku kumi na nne ziweke masharti yao kwenye maandishi, "ambayo," mwenyekiti anaongeza akivua miwani, "nashangaa kumwambia mama huyu."

Kicheko kinafuata mpaka barabarani. Mshona viatu anapiga makofi kila hatua. Kuli anainua gongo moja hewani na nusura avunjike mguu wa pili. Mama Nakala mwenyewe anavuka barabara, anaketi kwenye kiti chake, anauweka uso wake juu ya taipureta, na analia mpaka shemeji wa mwoka mikate anakohoa kwa heshima.

"Ndiyo, ndiyo," anasema akitafuta leso. "Nimewaona. Leo mko wawili."

Mwandishi wa habari hii alirudi siku ya kumi na mbili baada ya uamuzi. Meza ilikuwepo, mwenyewe hakuwepo, na mshona viatu akaelekeza kwa kidole: wako kwenye duka la kompyuta, kona ya pili. Mama Nakala alikuwa amekataa kuupiga chapa mkataba wake mwenyewe. "Mchezaji hawi mwamuzi," alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja, mkoba magotini, akimchosha dada wa kompyuta kwa kila nukta.

Mwana alikuwepo, na mama yake pia. Vioo vya duka jipya vitaanzia hatua nne nyuma. Kodi itakuwa kama zamani, barua za mwenye nyumba kila mwezi, maana muuza simu naye amegundua kwamba biashara haiendi bila kuandikiana. Ile bahasha nene Mama Nakala alishamkabidhi mjane. Juzi mjane alimwita mwanawe, akamwambia akae amsomee. Wamefika barua ya ishirini na tatu.

"Nina mpango," Mama Nakala alisema wakati mashine ya kuchapa ikinguruma. "Jumamosi, saa moja tu, kibarazani pale pale, bila malipo. Mwenye duka, mpangaji, aliyeumia, yeyote. Sitawafundisha sheria, siijui yote. Nitawafundisha kusoma kwa sauti kabla ya kutia sahihi. Neno ulilolipitia kwa macho litakupiga, lakini ukilitamka, utalisikia."

Dada wa kompyuta alitoa karatasi moja, akaisukuma mbele.

"Tatu," alisema Mama Nakala.

Zikatoka tatu. Mwana alisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyoagizwa, mama yake akitikisa kichwa kila kifungu. Mama Nakala akasaini wa kwanza. Hii ilikuwa mara ya tatu jina lake kupigwa chapa, na safari hii halikuwa na kosa.

Mwana akachukua kalamu, akaandika jina lake. Hakuna aliyemwambia kitu. Akaukunja mkono wa shati, akatazama saa kwenye kifundo cha mkono, na kando ya sahihi akaandika: saa tano na dakika ishirini.